Kukopi nyimbo za wakongwe kunakuza mkono wa gitaa au kunaudumaza?

#1 KidoleGumba
Wakuu salaam. Nina mwalimu wa gitaa hapa Dodoma, mtu wa kwaya, kazi yake anaijua. Msimamo wake ni kwamba mwanafunzi asiguse wimbo wa mtu mpaka skeli zote (zile ngazi za do-re-mi) zimemkaa mkononi. Mimi naona kinyume. Kila kitu cha maana ninachokijua kwenye gitaa nimekitoa ndani ya nyimbo: Sina Makosa ya Simba Wanyika, vipande vya Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, kidogo cha Franco wa Kongo. Skeli napiga kila siku, ila zinabaki skeli.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Nyimbo ninazozijua nazipiga kama zilivyo kwenye rekodi. Mwimbaji akisema "shusha kidogo, hapo sauti haifiki", sina pa kushika. Akitaka chemko (ile sehemu ya kuchezesha watu) liongezwe mizunguko miwili, narudia kile kile. Je, kasoro ni kukopi kwenyewe au ni namna ninavyokopi? Waliopita kwenye bendi njooni mtuambie.

#2 Mpenda Zilipendwa
Nimeweka kambi hapa. Waje wataalamu.

#3 TangaRaha
Kabla hatujaenda mbali, mleta mada, Sina Makosa si ya Simba Wanyika. Ni ya Les Wanyika, kundi la waliojitoa Simba Wanyika mwaka 1978, Omar Shabani kwenye ridhimu (gitaa la kushika mwendo) na Tommy Malanga kwenye besi, wakaungana na John Ngereza. Simba Wanyika ni ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliohamishia makazi Kenya. Nyumbani kwetu hilo hatulikosei.

Kwenye swali lako: ulijifunza gitaa gani ndani ya Sina Makosa? Kama ni solo peke yake, jibu umeshalipata. Wimbo ule ukiiondoa ridhimu ya Shabani unaanguka. Chukua ridhimu yake, ipige dakika tano bila kusimama na bila kukimbia, mkono wa kulia usitoke kwenye mwendo. Ukiiweza, mwimbaji akisema ongeza mizunguko hutakuwa na cha kuogopa, kwa sababu ridhimu yote ni mizunguko.

#4 MwalimuSolfa
Namuunga mkono mwalimu wako. Nimefundisha vijana wengi wa kwaya, na wanaokuja wakiwa na nyimbo kumi kichwani ndio wagumu kuliko wote. Ukimwambia "nipe nne ya kii hii" (kii ni sauti ya msingi ya wimbo) anakutazama tu. Anajua kidole kinaenda freti ya saba, ila hajui kwamba pale amesimama kwenye fa. Skeli zinakupa ramani. Bila ramani utajua njia moja tu, ya kutoka kwenu kwenda sokoni, na siku barabara ikifungwa unalala njaa.

Kushusha wimbo ni hesabu ndogo. Kama wimbo uko A, moja ni A, nne ni D, tano ni E. Ukishuka G, moja ni G, nne ni C, tano ni D. Anayezijua kodi kwa namba anashusha papo hapo, mwimbaji hata hajamaliza sentensi.

#5 ChemkoLaIlala
Mwalimu #4, kwa heshima zote, hizo namba watu wa dansi walikuwa nazo masikioni bila kuziandika. Mimi nimepiga second solo kwenye bendi ya mtaani Dar miaka ya themanini. Unapoingia, hakuna anayekuuliza skeli. Jioni mapema, watu hawajajaa ukumbini, bendi inapiga kopi za Wakongo, na hapo ndipo chipukizi unapewa nafasi. Unapiga kopi ya Franco, mkubwa wa solo amekaa pembeni anakusikiliza. Ukitoka nje anakuita: "Pale umejaza mno, mwachie mwimbaji apumue." Shule ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo naona tatizo la mleta mada halihusiani na skeli wala kopi. Anajifunza peke yake chumbani na simu, hana mtu wa kumwambia amejaza mno. Franco mwenyewe alikaa chini ya mpiga gitaa Dewayon kabla hajaanza kurekodi studio ya Loningisa mwaka 1953. Mtu alimshika mkono.

#6 DadaNyuzi
Shikamoo kaka #5. Nakubali kuhusu kushikwa mkono, ila si kila mtu ana bendi mtaani. Sisi wanawake ndiyo kabisa, ukienda kwenye mazoezi unaulizwa kama umekuja kuimba.

Mimi nilijifunza kwa rekodi na nikafika. Siri yangu ni moja: sishiki kipande kwenye gitaa kabla sijakiimba kwa mdomo. Solo nzima, naiimba "ti-ri-ri ti-ri" mpaka naweza kuiimba nikiosha vyombo, wimbo haupigi popote. Ndipo nashika gitaa. Kidole kinakwenda kutafuta kitu ambacho sikio limeshakimiliki. Ukianza na video inayoonyesha vidole, unachokopi ni vidole vya mtu. Kii ikibadilika, vidole vinapotea. Sauti uliyoiimba haipotei, unaianza tu pengine.

KidoleGumba, niambie ukweli. Hizo nyimbo ulizitoa kwenye video za "weka kidole hapa"?

#7 KidoleGumba
TangaRaha shukrani kwa sahihisho. DadaNyuzi, ndiyo, nyingi kwenye video, chache kwa sikio. Tena zile za Mbaraka nilijaribu kwa sikio nikaona rekodi haikai kwenye kii yoyote. Gitaa nimeliweka sawa kwa programu ya simu, nikipiga pamoja na wimbo inakwaruza. Nikipanda freti moja inakwaruza upande mwingine.

#8 FundiDeki
Hilo la #7 ni fani yangu. Nimetengeneza deki za kaseti tangu zikiwa mali. Mkanda wa mpira unaozungushwa na mota ukilegea, kaseti inazunguka polepole na wimbo unashuka. Deki nyingine zinakimbia, wimbo unapanda. Sasa fikiria: wimbo umerekodiwa redioni, ukahamishiwa kwenye kaseti, kaseti ikakopiwa dukani kwenye deki mbili, miaka mingi baadaye mtu akaiingiza kwenye kompyuta na kuipandisha YouTube. Kila hatua inausogeza kidogo. Ndiyo maana unaukuta umesimama katikati ya E na F. Na bendi zenyewe zamani zilituni magitaa kwa sikio, hazikuwa na mashine za kupimia.

Usiulazimishe wimbo ufuate simu yako. Lisogeze gitaa liufuate wimbo. Tafuta sauti ya besi inapotua mwisho wa mzunguko, tuni uzi mmoja ukubaliane nayo, kisha zilizobaki zifuate huo. Dakika mbili kazi imekwisha.

#9 Mzee wa Santuri
FundiDeki umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa na santuri ndogo za 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Solo ikikimbia, unaiweka gramafoni kwenye 33. Wimbo unakwenda karibu robo tatu ya mwendo wake na unashuka karibu nusutoni tano. Unajifunza huko chini, halafu unapandisha. Kwa hiyo kubadilisha kii tulikufanya kila siku bila kujua kwamba ni somo. Vijana leo mnapunguza mwendo YouTube mpaka 0.5 na kii inabaki pale pale. Raha kubwa, ila zoezi hilo limewapita.

#10 Nyatiti Electric
Wasee wa Bongo hamjambo. Mnazungumza kukopi gitaa kwa gitaa. Benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, haikuanza hivyo. Wazee wa kwetu Nyanza walichukua nyatiti, ina nyuzi 8, wakaisogeza kwenye gitaa. Sikiliza solo ya Owino Misiani, gitaa linajibizana na sauti yake, akimaliza mstari linamjibu, halafu linaruka kwa mwendo wa nyatiti. Kama angekaa kukopi gitaa la Wakongo tu, angekuwa Mkongo wa Kisumu.

Ushauri wangu: kopi kitu ambacho si gitaa. Kopi sauti ya mwimbaji, kopi nyatiti, zeze, marimba. Kidole kinalazimika kutafuta njia mpya kwa sababu hakuna wa kukuonyesha freti.

#11 Mara Yetu
Nyatiti Electric, benga chukueni, lakini Misiani alizaliwa Shirati, mkoa wa Mara, Tanzania, mwaka 1940. Jina la bendi lenyewe linatangaza: Shirati Jazz. Mmemlea tu.

#12 Nyatiti Electric
@Mara Yetu, tumemlea akalelewa vizuri, na akatulelea benga. Mpaka haukuwahi kuwatenganisha Wajaluo. Turudi kwa gitaa.

#13 RidhimuMkavu
Hoja ya #10 ni nzuri, ila msimpoteze mtu anayeanza. Wanaocheza nyatiti kwenye gitaa leo walishakopi benga mpaka ikawaingia damuni.

Na tusisahau wakongwe wenyewe walikopi bila haya. Santuri za GV zilianza kutoka 1933, muziki wa Cuba, zikaenea Kongo na pwani yetu. Watu wakashika rumba kutoka humo. Piano ya Cuba ikahamia kwenye gitaa. Morogoro, Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba, hakuficha alikokunywa. Ila ukisikiliza wimbo wake, Cuba ipo na haipo. Mbaraka na Morogoro Jazz wakatoka mji huo huo na mlio mwingine kabisa, mpaka wakaiwakilisha nchi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70. Kukopi hakukuwadumaza. Swali la kuuliza ni nini kiliingia katikati.

#14 ChemkoLaIlala
Kilichoingia katikati ni mashabiki, RidhimuMkavu. Ukipiga kopi kila Jumamosi mbele ya watu wale wale, watachoka, na utaona wanarudi kukaa. Chemko likipoa unalazimika kuongeza kitu, hapo hapo, kwa woga. Woga unafundisha kuliko skeli.

#15 MwalimuSolfa
Woga unafundisha kurudia kile ulichokizoea kwa sauti kubwa zaidi. Nimewaona wengi wa hivyo. Anayeongeza kitu kipya ni yule ambaye alikuwa nacho tayari akiba.

Nikiri jambo moja lakini: #6 na mimi hatupingani. Kuimba kipande kabla ya kukipiga ni solfa, tofauti ni "ti-ri-ri" badala ya "mi-sol-la".

#16 Likasi Kwetu
Jambo bandugu. Naandika kutoka Lubumbashi. Mnasema Franco, mnasema Cuba, hamjamtaja Mwenda Jean-Bosco. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huku kwetu, mji ulioitwa Jadotville, leo Likasi. Sikilizeni Masanga. Watu wengi wanafikiri ni magitaa mawili. Ni mtu mmoja, kidole gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye besi, shahada inaimba juu.

Nilipojifunza Masanga nilitaka kuikariri sauti kwa sauti. Mjomba wangu akaniambia hakuna Masanga moja. Ni kweli, ukisikiliza kwa makini, kila anaporudia mzunguko kuna kitu amekigeuza: amechelewesha sauti moja, ameacha besi itangulie. Ukikopi mzunguko mmoja umechukua picha. Kopi mizunguko sita mfululizo, uone anageuza wapi na wapi hagusi kabisa. Hapo utajua nini ni nguzo ya wimbo na nini ni pambo. Mleta mada, mizunguko miwili unayoombwa kuongeza inapatikana humo.

#17 Omutibo Original
Likasi Kwetu umenena. Mwenda aliishi Nairobi pia, redioni akapiga matangazo ya dawa ya Aspro. Huku Magharibi mwa Kenya gitaa kavu (lisilo la umeme) lilipata watu wake, George Mukabi na wengine. Chupa ya Fanta inakwaruzwa kando kushika mwendo. Mimi mpaka leo nafundisha wajukuu hivyo: mmoja gitaa, mmoja chupa. Mwenye chupa hakubali upotee. Hiyo si mashine, mashine haikukasirikii.

#18 Sebene ya Mwanza
Naona hakuna aliyempa jamaa kitu cha kushika leo jioni. Chukua hiki. Wakongo na wengi wa kwetu solo zao zinatembea kwa sauti mbili pamoja, umbali wa sita, yaani ukihesabu kutoka ya chini, ya juu ni ya sita. Uzi wa tatu na wa kwanza, uzi wa pili unauruka. Kii ya C, namba ya kwanza ni freti ya uzi wa tatu, ya pili ni ya uzi wa kwanza:

wazi na wazi
2 na 1
4 na 3
5 na 5
7 na 7
9 na 8
10 na 10
12 na 12

Panda na shuka kwa gumba na shahada, usitumie kipiki. Baada ya siku chache weka wimbo wowote wa TP OK Jazz, bendi ya Franco, utaanza kuvitambua vipande: "ah, hapa katoka 9 na 8 kaja 7 na 7." Vingi vya vile unavyodhani ni vigumu ni safari fupi juu ya ngazi hii. Mwimbaji akitaka D, sogeza kila kitu freti mbili mbele. Wazi na wazi inakuwa 2 na 2.

Mwalimu Solfa atasema hii ni skeli. Ndiyo, ni skeli, ila imetoka ndani ya nyimbo.

#19 MwalimuSolfa
Hicho ndicho ninachofundisha mimi.

#20 DadaNyuzi
#18 nimeijaribu sasa hivi, 4 na 3 ndiyo inayobana vidole. Anayeanza akae hapo zaidi.

Nina swali: kwa nini msimwambie atumie kepo (kibanio cha shingo ya gitaa) tu akitaka kubadilisha kii?

#21 RidhimuMkavu
Kepo inapandisha tu, na yeye aliambiwa ashushe. Labda aupige wimbo kwa maumbo ya kii ya chini, kisha kepo impandishe mpaka panapotakiwa. Tena ukiwa na kepo freti ya tano, solo zako zote za chini zimekwisha. Kwenye ridhimu sawa, kwenye solo inakunyima uwanja.

#22 Mpenda Zilipendwa
Nauliza tu kama msikilizaji. Kuna gitaa kwenye nyimbo za Kongo linalia juu juu, si solo wala si ridhimu, linajaza katikati. Hilo ndilo mi-composé?

#23 ChemkoLaIlala
Hilo ni mi-solo. Sisi tuliliita second solo, ndilo nililokuwa napiga.

#24 Likasi Kwetu
Msiyachanganye. Mi-solo ni kazi: gitaa la tatu linalokaa kati ya solo na ridhimu. Mi-composé ni jinsi gitaa lilivyofungwa nyuzi: uzi wa nne unatolewa, unafungwa mwembamba unaolia oktavu moja juu. Mi-solo unaweza kupiga kwa gitaa la kawaida. Lakini ukikopi kipande kilichopigwa kwa mi-composé huku gitaa lako ni la kawaida, utatafuta mpaka kesho. Sauti mbili zinakaa karibu mno, kwenye gitaa lako vidole havifiki. Wengi wanajiona wazembe kwa sababu hiyo.

#25 KidoleGumba
Nimejifunza mengi. Nimeanza na ngazi ya #18 na ridhimu ya Shabani. Nimejaribu pia la #16, mizunguko mfululizo ya wimbo mmoja wa Mbaraka, na kweli kuna kipande kidogo mwanzoni mwa kila mzunguko hakigusi, mwishoni ndipo anapocheza. Mwalimu wangu nimemwonyesha uzi huu, anasema wa kusikilizwa ni #4 tu.

Likasi Kwetu, mi-composé natumia uzi gani? Duka la hapa wana seti za kawaida tu.

#26 FundiDeki
Naomba nimjibu. Nunua seti ya kawaida na uzi wa kwanza mmoja wa ziada. Ufunge mahali pa uzi wa nne, uutuni D, yaani toni moja chini ya unavyolia kawaida. Hautakatika kwa sababu umeulegeza. Angalia tu pale unapopita kwenye kidaraja cha juu, shimo lake ni pana kwa uzi huo na utatikisika. Kipande kidogo cha karatasi kinatosha kuubana. Usilichonge daraja, siku ukitaka kurudisha uzi mnene utajuta.

#27 ChemkoLaIlala
Karatasi inakula mlio, Fundi. Sisi tulitumia ganda la kalamu ya Bic.

#28 FundiDeki
Ganda la kalamu ni gumu, linakata uzi. Karatasi, tena ya sigara, ikunje mara mbili.

#29 Nyatiti Electric
Bado nangoja mtu aniambie amejaribu kukopi kitu kisichokuwa gitaa. Hata mmoja?

#30 DadaNyuzi
Nimeanza na udi wa taarab leo. Udi hauna freti, anateleza katikati ya sauti, na mimi kwenye gitaa siwezi kuteleza bila kuvuta uzi. Kipande cha sekunde nane kimenichukua jioni nzima na bado. Kikitoka nitakipandisha hapa.